Tarikh ya Picha za Nyika na Milima ya Afrika ya Mashariki

Katika mwaka 1860, wakati Unguja ilipokuwa chini ya Sayyid Majid bin Said na misafara ya bara ikifungwa mizigo Bagamoyo, alifika kisiwani ofisa mmoja wa jeshi la Waingereza la Bara Hindi, Kapteni James Augustus Grant, akifuatana na John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Mto Nile. Na miongoni mwa shehena yao lilikuwamo kasha la kamera, pamoja na chupa za dawa na vipande vya kioo. Grant alipiga picha chache mjini, na picha hizo zinahesabiwa katika za mwanzo kabisa zilizobakia za pwani yetu. Lakini haikuchukua muda kamera ikawekwa kando, naye akashika penseli na rangi za maji. Speke ameeleza sababu katika kitabu chake cha mwaka 1863: kazi ya kuandaa na kusafisha picha ndani ya kijihema chenye giza, katika joto la nchi hizi, ilikuwa mateso ambayo aliogopa yangemdhuru mwenzake. Mwenye kutaka kuijua tarikh ya ufundi wa kupiga picha za nyika, wanyama na milima ya Afrika ya Mashariki hana budi kuanzia hapo penye kushindwa, kwani kanuni nyingi wanazofundishwa leo wapenzi wa kamera, kama kuwahi nuru ya alfajiri, kuegemeza lenzi mahali imara, kujificha na kuuchunga upepo, zilizaliwa na dhiki, na sehemu kubwa ya dhiki hiyo ilikuwa ya nchi hizi hizi.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu. Njia iliyotumika siku hizo ilitangazwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Mpiga picha alichukua kipande cha kioo kilichosuguliwa kikatakata, akakimiminia kolodioni, ambayo ni pamba iliyotiwa asidi kisha ikayeyushwa katika etha na spiriti, akakiinamisha huku na huku mpaka utando ukaenea sawasawa pembe zote nne. Halafu akaingia gizani, akakitumbukiza katika maji ya nitrati ya fedha, akakitoa kikidondoka, akakitia katika kisanduku kisichopitisha nuru, akakimbilia kwenye kamera aliyokwisha kuilenga, akafungua lenzi kwa sekunde kadhaa, akaifunga, akarejea mbio gizani kukisafisha kabla utando haujakauka. Ukikauka, kazi yote imepotea. Katika baridi ya Ulaya alikuwa na muda wa dakika 10 au 15. Penye jua la nyika etha huruka upesi, vumbi huganda juu ya utando ungali mbichi, na maji ya visima vyenye chumvi huiharibu dawa. Mnyama gani atasimama sekunde kadhaa akimngojea mtu huyo? Ndiyo maana picha za zama zile ni za ngome, majumba, miti, na watu walioamrishwa wasitikisike. Na hata makuti ya mnazi, kusi ikivuma, hutokea katika picha hizo kama moshi.

Miongoni mwa wachache walioistahimili kazi hiyo alikuwa Dakta John Kirk, aliyekuwa tabibu na mtaalamu wa mimea katika safari ya David Livingstone ya Mto Zambezi iliyoanza mwaka 1858, na baadaye akakaa Unguja miaka mingi katika ubalozi wa Kiingereza. Kirk alifaulu kwa kuwa haja yake kubwa ilikuwa mimea, na mti hauondoki mahali pake. Hapa pana funzo ambalo wapenzi wa kamera wa leo hulipuuza: mpiga picha hodari huchagua shabaha inayolingana na chombo alicho nacho, wala hakilazimishi chombo kufanya kisichokiweza.

Ukombozi ulikuja kwa mkono wa tabibu mwingine, Richard Leach Maddox, ambaye mwaka 1871 alitangaza njia ya kuutia mchanganyiko wa fedha katika gelatini badala ya kolodioni. Baada ya miaka michache vioo vikavu vikawa vinauzwa madukani vikiwa tayari ndani ya masanduku; msafiri aliweza kuvibeba miezi mingi, akapiga picha leo na kuisafisha akirudi pwani, na wepesi wa utando ule ulikuwa umezidi kiasi cha kutosha picha kupigwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Lakini uzito haukuondoka. Kioo ni kioo, na kila kioo kilikuwa picha moja tu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, na ndani ya mizigo hiyo, baina ya majora ya kaniki na matita ya ushanga, yalianza kuonekana masanduku ambayo mpagazi aliambiwa asiyaangushe, asiyaloweshe mtoni wala asiyaache juani. Picha za kale za nyika tunazozistaajabia zilivuka mito na kushuka magenge vichwani mwa watu hao, na ni nadra kuona kitabu kinachowataja kwa majina.

Mlima Kilimanjaro ulikuwa mtihani wa namna nyingine. Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, aliuona tarehe 11 Mei 1848 akaandika kwamba kileleni pana theluji, na huko London mwanajiografia William Desborough Cooley akamkadhibisha kwa miaka mingi, akishikilia kuwa theluji karibu na ikweta ni muhali. Mtu angedhani kamera ingetoa ithibati papo hapo. Ila vioo vya zama hizo, vya majimaji na vikavu pia, vilikuwa na kasoro moja kubwa: viliihisi rangi ya samawati kwa ukali, na kwa rangi ya manjano na nyekundu vilikuwa karibu vipofu. Anga la samawati lilitoka jeupe katika picha, theluji nayo nyeupe, na kilele cha mlima kikapotelea angani. Mawingu hayakuonekana, na majani ya kijani yakatoka meusi bila ya umbo. Dawa ilianza kupatikana mwaka 1873, pale Hermann Wilhelm Vogel wa Berlin alipogundua kuwa rangi fulani zikichanganywa katika utando wa kioo huufanya uhisi na kijani pia. Kisha wapiga picha wakajifunza kuweka kioo cha manjano mbele ya lenzi, ili sehemu ya nuru ya samawati izuiwe. Anga likapata kivuli, theluji ikang'aa juu yake. Mwaka 1906 kampuni ya Wratten & Wainwright ya Croydon, Uingereza, ikaanza kuuza vioo vinavyohisi rangi zote hadi nyekundu, na tangu hapo mandhari ya milima ikawa sanaa yenye uwezo kamili. Kijana wa leo anayeigeuza picha yake ya rangi kuwa nyeusi na nyeupe, akalipunguza anga mpaka mawingu yakasimama, anatenda kwa kidole kile walichokitenda wazee hao kwa kioo cha manjano.

Hans Meyer wa Leipzig, aliyefika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikuwa na kamera katika msafara wake, na kitabu chake kinamtaja kwa jina Mwinyi Amani wa Pangani, aliyekaa nao katika kambi ya juu ambako wenzake wengi wa pwani hawakuweza kuvumilia baridi. Nafurahi kuliona jina hilo, kwa kuwa mfano wake ni mchache. Lakini kwangu mimi kazi ya picha iliyo kubwa kuliko zote katika mlima ule ni ya Fritz Klute, aliyefika huko mwaka 1912 pamoja na Eduard Oehler. Klute alitumia kamera ya upimaji, ambayo husimamishwa mahali panapojulikana kwa hesabu na kuelekezwa upande unaojulikana kwa hesabu. Mahali pale pale pakipigwa kutoka vituo viwili, picha mbili zikalinganishwa, umbali na urefu wa kila jabali hupatikana, na ramani huchorwa. Kwa kazi hiyo tunajua kwamba barafu ya Kilimanjaro mwaka 1912 ilienea kiasi cha kilomita 12 za mraba, na wataalamu walipoipima ile iliyobakia mwaka 2007 walikuta sehemu 85 katika kila 100 imekwisha kutoweka. Picha nyingine za mlima, hata zilizo nzuri kuzidi hizo, haziwezi kutoa ushahidi wa namna hii, kwa sababu mpigaji hakuandika alisimama wapi.

Upande wa wanyama maradhi yalikuwa mawili, masafa na giza, na la ajabu ni kuwa mtu mmoja ana mkono wake katika tiba zote mbili. Mtu huyo ni Adolf Miethe, Mjerumani, ambaye mwaka 1887 akiwa na Johannes Gaedicke alitunga unga wa magnesi, klorati ya potasi na salfaidi ya antimoni, unaowaka kwa mweko mmoja mkali; kisha mwaka 1891, wakati mmoja na Dallmeyer wa London na Steinheil wa Munich, kila mtu kwa njia yake, akatengeneza lenzi ya kuvuta mbali bila ya kuwa ndefu kupita kiasi. Mweko uliondoa giza, lenzi ikapunguza masafa. Yaliyobaki yalikuwa ni kupata mtu wa kuvileta vyote viwili mahali penye simba.

Mtu huyo alikuwa Carl Georg Schillings, Mjerumani pia, aliyesafiri mara nne katika nchi iliyoitwa wakati huo Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, baina ya mwaka 1896 na 1904, akizunguka tambarare za Umasai pembezoni mwa Kilimanjaro na bonde la Mto Pangani, kwa msafara wa watu zaidi ya 100. Mchana alijaribu lenzi ya masafa, akakutana na adui asiyemtazamia: nyika ikipata jua, hewa iliyo karibu na ardhi hucheza, na mazigazi yanayomdanganya mwenye kiu ndiyo hayo hayo yanayoiharibu picha, kwani lenzi ya kuvuta mbali huvuta pia kila chembe ya hewa iliyo katikati. Isitoshe, lenzi hiyo huukuza mtikiso wa mkono kwa kadiri ile ile inavyomkuza mnyama. Kanuni iliyokuja kuenea baadaye, kwamba mwenye lenzi ya milimita 400 asiifungue kamera yake kwa muda unaozidi sehemu moja ya 400 ya sekunde iwapo ameishika mkononi, imetokana na mashaka ya namna hiyo. Na vioo vya siku za Schillings havikuwa vyepesi kiasi cha kuwezesha hilo, kwa hiyo stendi ya miguu mitatu ilikuwa sharti.

Usiku ndipo alipopata utukufu wake. Kabla ya magharibi watu wake walifunga kamera imara karibu na njia ya kuendea majini, au mahali alipofungwa punda au ng'ombe wa chambo. Lenzi ikaelekezwa penye masafa yaliyopimwa kabisa, kwa kuwa gizani hakuna kulenga tena. Unga ukatiwa katika chombo chake na kukingwa na umande. Kisha kamba nyembamba ikatandazwa, ili mnyama atakapoigusa aufungue mlango wa kamera na kuuwasha unga kwa pamoja. Alfajiri watu walikwenda kutazama. Mara nyingi fisi alikuwa ameigusa kamba kabla ya simba, au umande umeulowesha unga, au kamera imepinduliwa. Picha zilizofaulu zilitoka Leipzig mwaka 1905 katika kitabu kilichoitwa *Mit Blitzlicht und Büchse*, yaani mweko na bunduki, na zikawashangaza wasomaji wa Ulaya, ambao walikuwa hawajapata kumwona simba wa mwituni akiwa katika shughuli zake. Kitabu kilichofuata mwaka 1906 alikipa jina la leleshwa, kichaka kile chenye majani ya rangi ya fedha ambacho kila aliyevuka Umasai anaijua harufu yake. Na hilo lanionyesha kwamba bwana yule aliipenda nchi kwa dhati.

Hata hivyo insafu yataka lisemwe lililo kweli. Schillings aliua wanyama wengi, na chambo kilichofungwa kamba kikaliwa kingali hai ni ukatili ambao uzuri wa picha hauwezi kuusafisha. Baadaye alikuwa mmoja wa watetezi wakubwa wa wanyama wa Afrika, na kabla yake Mwingereza Edward North Buxton, katika kitabu chake cha mwaka 1902, alikuwa amekwisha kuwashauri wawindaji waache bunduki wachukue kamera. Lakini kwa miaka mingi vyombo hivyo viwili vilisafiri pamoja. Arthur Radclyffe Dugmore, aliyekuja Kenya ya leo mwaka 1909 akaandika juu ya safari yake mwaka uliofuata, alimpiga picha kifaru anayemjia mbio akiwa amebakiza yadi 15, na mara tu mlango wa kamera ulipofunga, mwenzake alifyatua risasi kumgeuza mnyama. Picha hiyo ilipata sifa kubwa. Mimi naiona kuwa ndiyo dalili ya ufundi ambao haujakomaa: mnyama anayemkimbilia mpiga picha amekwisha kuudhiwa, na picha inaonyesha ghadhabu iliyosababishwa na kamera yenyewe.

Njia iliyo bora ilitoka kwa ndugu wawili wa Yorkshire, Richard na Cherry Kearton, ambao kitabu chao cha viota vya ndege wa Uingereza, cha mwaka 1895, kilipambwa chote kwa picha zilizopigwa porini. Ndugu hao walikuwa na ustadi wa kujificha uliopita mipaka: walipata kuchuna ng'ombe, ngozi yake wakaivalisha kiunzi chenye nafasi ndani, mmoja akaingia humo na kamera, lenzi ikichungulia kifuani, na ng'ombe huyo bandia akasimamishwa malishoni karibu na ndege waliokwisha kuwazoea ng'ombe wa kweli. Cherry Kearton alipokuja Afrika ya Mashariki mwaka 1909, akapiga picha za sinema za msafara wa Theodore Roosevelt na za wanyama wa nyika, aliikuta elimu hiyo hiyo kwa wenyeji ikiwa kongwe kuliko kamera. Wahadza wa Ziwa Eyasi hujenga maficho ya mawe na matawi karibu na maji wakati wa kiangazi, wakakaa humo usiku kucha; wawindaji wa ndovu hubeba kifuko cha majivu, wakakitikisa kidogo ili waone upepo unakoelekea kabla ya kupiga hatua nyingine. Mpiga picha aliyewafuata watu hao alijifunza kwa siku chache kile ambacho hakikuandikwa katika kitabu chochote cha kamera: kwamba nyati husikia harufu kabla ya kuona umbo, kwamba mnyama anayekunywa akiinua kichwa mtu asimame alivyo, na kwamba ndege huwa hana hesabu, wakiingia watu wawili katika maficho na akatoka mmoja, yeye huamini maficho ni matupu.

Wamarekani Martin na Osa Johnson walikaa Marsabit tangu mwaka 1924 hadi 1927, kando ya ziwa lililo ndani ya shimo la volkano, ambalo wao waliliita Ziwa la Peponi na Waborana huliita Gof Sokorte Guda. Fedha za safari yao zilitoka kwa matajiri kadhaa, akiwemo George Eastman mwenyewe, mwanzilishi wa Kodak, aliyekuja kuwatembelea mwaka 1926. Johnson alitumia kamera ya sinema iliyobuniwa na Carl Akeley, yenye kichwa kinachogeuka kwa ulaini pande zote, ambayo ilimwezesha kumfuata twiga anayekimbia bila ya picha kuruka. Lakini katika vitabu vyao wenyewe anayewaongoza hadi kwa ndovu ni mfuatilia nyayo aliyeitwa Boculy, ambaye walimsifu kwa kuwajua ndovu kuliko mtu yeyote waliyekutana naye. Bila Boculy kamera ya Akeley ingepiga miti.

Huko mlimani Marsabit kuna ubaridi, nao walibahatika. Pwani na mabondeni mambo yalikuwa mazito. Dawa za kusafishia picha zilitungwa kwa maji ya nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi, ilhali maji ya Mombasa au Tanga hupita nyuzi 25 karibu mwaka mzima. Gelatini ikikutana na maji hayo huvimba, hulegea, hufanya mikunjo, na mara nyingine huteleza ikaacha kioo kitupu. Mafundi wetu wa studio walikuwa na hila zao: kufanya kazi kabla ya kupambazuka, kuipoza dawa kwa maji ya mtungi, na kutia shabu ya kromu ili kuikaza gelatini. Baada ya hapo palibaki ukungu wa masika, unaoota ndani ya lenzi mithili ya utando wa buibui na kuila rangi yake. Na adui huyu hajaondoka hata leo, kwa hiyo mwenye lenzi pwani asiifungie katika mkoba wa ngozi, bali aiweke mahali pakavu penye hewa na mwanga.

Mageuzi ya mwisho yaliyogeuza sura ya kazi yalikuwa kamera ndogo ya Leica iliyoanza kuuzwa mwaka 1925, filamu ya rangi ya Kodachrome iliyotoka mwaka 1935, na gari. Kati ya vitatu hivyo gari halisemwi sana, nami naona ndilo lililofanya kazi kubwa zaidi. Mnyama wa mbugani humkimbia mtu anayetembea kwa miguu, ila gari, likimjia polepole na kunyamaza, hulihesabu kuwa kitu kisicho na kisa naye. Kwa hiyo gari likawa maficho yenye magurudumu. Hugo van Lawick, aliyetumwa Gombe mwaka 1962 kupiga picha za kazi ya Jane Goodall na sokwe wake, alikuja kuishi miaka mingi Ndutu, Serengeti, akiifuata aila moja ya wanyama kwa miezi mpaka ikamzoea. Na ni yeye na Goodall, mwaka 1966, waliotangaza kwa wataalamu kwamba wamemwona tumbusi mweupe akiokota jiwe kwa mdomo na kulitupa juu ya yai la mbuni ili alivunje. Jambo hilo halipatikani kwa mtu anayeharakisha kwenda kutazama simba wengine. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael nao waliutumia urefu wa anga, kwa ndege yao iliyopakwa milia ya punda milia, wakawahesabu wanyama wa Serengeti na kuwapiga picha za sinema; Michael alikufa tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo ilipogongana na tumbusi, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro, na filamu yao ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960.

Atakayekwenda mbugani leo na kamera ya kidijiti hana haja ya hema la giza wala kamba ya mtego, walakini nuru ni ile ile. Karibu na ikweta jua huchomoza kiasi cha saa kumi na mbili na nusu na kupanda wima, halilegei pembeni mwa upeo kama katika nchi za baridi. Nuru ya dhahabu, inayoingia ubavuni mwa mnyama na kuonyesha kila unyoya, haidumu hata saa moja, na ikifika saa tatu vivuli vimekwisha kuwa vyeusi chini ya macho na matumbo, na mazigazi ya Schillings yameamka. Kwa hiyo mtu awe penye maji au penye simba kabla ya kucha, si njiani akielekea huko. Azime injini kabla ya kupiga, kwa sababu mtetemeko wake hupanda mpaka kwenye lenzi. Aweke dirishani mfuko wa kitambaa uliojazwa maharage au mchele, alaze lenzi juu yake, nayo itatulia kuliko juu ya stendi nyingi za bei kubwa. Akimpiga nyati au ndovu aliyeijaza picha yote, kamera itadhani pana giza na itazidisha mwanga, naye aupunguze. Akipiga korongo weupe au maji ya Natron yanayong'aa, kamera itapunguza, naye azidishe. Akitaka nyasi za mbele na mlima wa nyuma vyote vionekane wazi, aubane mlango wa nuru uwe mdogo, kama walivyokuwa wakifanya Ansel Adams na wenzake wa California, walioanzisha kikundi mwaka 1932 wakakiita kwa kipimo cha tundu hilo dogo, f/64. Na kwa kuwa tundu dogo hutaka muda mrefu, arejee kwenye stendi. Na anayeutafuta Mlima Kilimanjaro asiutafute mwisho wa kiangazi, wakati moshi wa nyasi na vumbi vimelifunika anga, bali asubuhi ya baada ya mvua, hewa ikiwa imeoshwa.

Limebaki jambo moja la kuwaomba wasomaji. Ndani ya makabati na masanduku ya aila nyingi za Unguja, Mombasa, Tanga, Moshi na Nairobi zimo picha za zamani za nyika, mito na milima, nyingine katika vioo, zilizopigwa na mafundi wa studio zetu au zilizoachwa na wasafiri, na nyuma yake hapana hata herufi. Wazee wanaojua ile ni kambi gani, yule aliyesimama na kikapu cha kamera ni nani, na mto ule ulijaa mwaka gani, wanapungua kila mwaka. Waulizeni wangali hai, andikeni majibu kwa penseli laini nyuma ya picha au katika bahasha yake, na nakala mzipeleke makumbusho au idara ya nyaraka iliyo karibu. Nanyi mnaopiga picha leo, pamoja na mahali, tarehe na saa, liandikeni jina la dereva au mwongozaji aliyewafikisha kwa mnyama.